Kiswahili cha Wageni

Mjukuu wangu Salma,

Huku mtaani Ng'ambo hatujambo, na mama yako keshapona homa. Unauliza kama umrekodi kwa siri yule mzee wa utafiti wako, maana akiona kinasa sauti huiacha lugha ya kwao.

Ujanani nilimpeleka mtafiti wa lugha kijijini Makunduchi, kwa bibi mmoja wa huko, Bi Mize. Alitupokea kwa Kiswahili cha mjini. Mtafiti akajifanya amekizima kinasa, akakitia mkobani. Bi Mize akamgeukia jirani yake, akamweleza kwa Kimakunduchi, lugha ya kwao, ugomvi wa mwanawe na mkewe. Kaseti ikaisha, kitufe kikafyatuka ndani ya mkoba.

"Mwanangu, nini hicho?" aliuliza Bi Mize.

Mtafiti akauvuta mkoba kwake. Bi Mize akatutazama, akasema kama msomaji wa habari: "Karibuni tena, wageni wetu."

Nilirudi mara nyingi. Mpaka anafariki, mimi alinisemesha Kiswahili cha mjini.

Babu yako