Baba, Swali la Jiwe Lilikuwa Lako

Kusini mwa India

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa leo heshima yenyewe naivuta kwa nguvu. Goti lako linaendeleaje? Mvua imenyesha hapo Kalamba, au mbaazi zimekauka tena? Mimi mwili ni mzima. Nakula wali na pilipili kila siku, na mwenye nyumba wa kwanza alinikatalia chumba mara tu alipoiona rangi yangu, lakini hayo nimeyazoea. Kilichoniumiza ni barua ya kaka yangu Musyoka. Ameniandikia yote.

Najua barua zetu hupitia sanduku la posta la kanisa, na zile za ng'ambo karani huzifungua na kuzisoma baada ya matangazo, ili watu waliomwombea mtoto wasikie anaendeleaje. Nilipokuwa mdogo nilipenda sana kusikiliza barua za watoto wa wenzetu. Kosa langu ni kusahau. Nilikuandikia wewe peke yako, ikasomewa kanisa zima.

Lakini kumbuka barua ile ilianzia wapi. Wiki niliyoondoka ulikuwa ukichimba kisima kule karibu na mto, ukapasua jiwe la kijivu lenye mistari, ndani lina punje nyekundu. Ukanipa kipande, ukasema, "Ndinda, ukifika huko kwa wasomi uwaulize hii kitu ilitoka wapi. Mimi nimechimba miaka yote na sijui." Basi nikauliza. Nilichojibiwa ndicho nilichokuandikia.

Nakirudia hapa, maana sijui karani alikisoma vipi. Zamani sana, kabla ya mtu yeyote, nchi hizi zilikuwa bara moja. Ukichukua ramani, ukasogeza Afrika karibu na Amerika ya Kusini, kingo zake zinaingiana kama vipande vya kibuyu kilichopasuka. Ramani peke yake inaweza kudanganya, kwa hiyo watu wakatafuta zaidi. Wakakuta alama za majani ya aina moja ndani ya mawe ya India, ya kusini mwa Afrika, ya Amerika na ya Australia, na mbegu za mimea ile zilikuwa nzito, hazingevuka bahari kwa upepo. Wakakuta miamba iliyokwaruzwa na barafu hapa hapa India, ambako jua linachoma kuliko Kibwezi. Mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akibisha, na vitabu vya zamani vya chuo bado vinabisha. Alikubali tu walipopima sakafu ya bahari na kuona kwamba katikati mwamba ni mpya, na unavyokaribia pwani ndivyo unavyozidi kuwa mzee. Mabara yanasogea, Baba, polepole kama kucha inavyoota.

Halafu tukapelekwa porini na nyundo. Nikapasua mwamba, nikaona mistari ile ile, punje zile zile. Nikatoa kipande chako, nikaviweka pamoja kiganjani, na nikalia mbele ya wavulana wa darasa zima. Mwalimu akanieleza kwamba mawe ya Ukambani, ya Madagaska na ya huku yalipikwa pamoja chini ya safu moja ya milima, kabla nchi hazijaachana. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimekupatia jibu.

Musyoka anasema karani alipofika pale pa nchi kusogea, kanisa lilichafuka. Wapimaji wa serikali wako huko, na kila mtu ameshikilia mpaka wake kwa meno. Jirani yetu Mzee Kilonzo akasimama: "Sasa kama nchi inatembea, hii shamba yangu imepimwa juzi itakuwa ya nani?" Hakuna aliyecheka. Mchungaji akasema, "Huyu msichana tulimtuma akasome, sasa anatuletea mambo ya kupinga Mwanzo." Ndipo Mwaitu, mama yangu, akajibu kutoka upande wa akina mama: "Mimi mambo ya mawe sijui. Najua mtoto wangu hasemi uongo."

Kwa maneno hayo wamemvua uongozi wa akina mama. Wamemkalisha benchi la nyuma, na hatashiriki Meza ya Bwana mpaka niandike barua ya kutubu isomwe mbele ya watu. Musyoka anasema siku hizi hata akienda kuchota maji haimbi.

Na wewe, mzee wa kanisa, uliyekuwa umeketi mbele? Naambiwa ulikuwa ukiangalia kofia yako. Ulikuwa na sentensi moja tu ya kusema: mimi ndiye niliyemtuma aulize. Ukanyamaza, mama yangu akaenda nyuma peke yake. Mchungaji amenikasirisha, lakini hakunipa jiwe yeye. Uchungu wangu ni juu yako.

Barua hii nimempa mwalimu mmoja wa Matiliku anayerudi nyumbani, akuletee mkononi. Nisalimie Susu, mama yako, na shangazi aliyenisukia kiondo cha safari. Musyoka asigombezwe kwa kuniandikia. Hata Mzee Kilonzo umsalimie, umwambie shamba na mpaka na yeye mwenyewe wanasogea pamoja, hatapoteza hata futi moja.

Ile barua ya kutubu nimeiandika, imo ndani ya bahasha hii. Nimesema humo kwamba nilidanganya. Mahali pa sahihi nimepaacha wazi. Jumapili ukisimama ukasema swali lilikuwa lako, ichome. Ukishindwa, basi andika jina langu hapo wewe mwenyewe, ukiwa umeketi mbele ya Mwaitu, na yeye akikuangalia mkono.

Ni mimi mtoto wako,
Ndinda