Nimempa Kaka Habari ya Mabati

Kwa shemeji Atieno, Awendo.

Amosi, yaani nakusalimu, shemeji, kutoka hapa Homa Bay. Nimefika bila fimbo, waambie wale waliosema sitaweza. Bustani ya kukumbuka wanajeshi ni safi, upepo wa ziwa unapita vizuri na nyasi imekatwa kama kichwa cha kuruti. Jina la bwanako, ambaye hatukuletewa mwili wake, liko kwa jiwe kubwa. Nililipata mwenyewe kwa kidole, sikuomba mtu anisomee.

Unakumbuka nilikataa kubeba ujumbe wako? Nilisema mimi siongei na jiwe. Basi nilipoona lile jina, mdomo ulifunguka wenyewe. Nikamwambia kwa sauti kubwa nyumba yenu imepata mabati mapya, mvua haikunyeshei tena ndani.

Mama anayefagia hapo akauliza, "Mzee, unagombana na nani?"

"Na kakangu. Mizinga ilimziba sikio la kushoto."

"Sasa mbona umesimama hapo kushoto?"

Huyo mama ana akili, karibu nusu ya yangu. Nikazunguka kulia, nikarudia yote polepole. Sasa amesikia, shemeji. Lala vizuri kwa nyumba yako.

Ni mimi Odhiambo, bado ngangari.