Sukari ya Mama, Viatu Vyangu

Jumatatu, 3 Februari
Siku nzima wima kwenye kaunta ya manukato, dukani Vällingby. Mchuchumio mweusi, kama kawaida. Vidole vya mguu wa kulia vimekufa ganzi tena. Nimevisugua ndani ya treni. Abiria mmoja kanikodolea macho. Akodoe tu.

Nyumbani, Akalla, nimevua viatu. Nikakanyaga sakafu. Lo! Miguu ikavuta kwa nyuma, kuanzia kisiginoni mpaka kwenye shavu la mguu. Nikavaa ndala zangu za ndani, zenye kisigino. Nafuu papo hapo. Basi kisigino ndiyo dawa yangu.

Jumatano, 5 Februari
Karatasi mlangoni. Jirani wa chini. Kwa adabu zote za Kiswidi anaomba nisitembee na viatu ndani, ko-ko-ko inamchosha. Zawadi, binti yangu, kaisoma, kacheka, kanijibu kwa Kiswidi kwamba hata yeye inamchosha. Nimekasirika. Hawajui kitu.

Sijamwambia Zawadi. Mama yangu alianza hivihivi, ganzi vidoleni. Akanyamaza. Kumbe sukari. Wakamkata mguu chini ya goti, ana miaka hamsini na moja. Mimi nina arobaini na tisa. Naogopa. Haya, nimeandika.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada, chai kwa Mama Furaha, Jordbro. Mkongomani wa Bukavu, tunaimba naye kwaya. Viatu vyote mlangoni, desturi ya huku, na sisi tumeishika. Bila viatu visigino vyangu havifiki chini. Nikapita sebuleni kwa ncha za vidole. Mama Furaha akaangua kicheko: "Ma chérie, unatembea sawa mutu anaiba kuku!" Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Kisha nikajifungia chooni nikalia.

Mama Furaha akaja kugonga. Nikamwambia yote. Hakucheka tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, kasema, na kesho nisipopiga simu kituo cha afya atapiga yeye.

Alhamisi, 13 Februari
Wamenitoa damu. Majibu Jumatatu.
Nimekunywa chai bila sukari. Sasa ndiyo najifanya mwerevu.

Ijumaa, 14 Februari
Nimempigia kelele Zawadi kwa sababu ya kijiko. Kijiko tu.

Jumatatu, 17 Februari
Sina sukari! Sina! Nimemuuliza muuguzi mara tatu. Mara ya tatu kanishika mkono. Asante Mungu, asante.

Kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, mama wa makamo, mikono ya baridi. Kanitembeza ukumbini na mchuchumio, halafu pekupeku. Akashika nyuma ya kisigino, akabonyeza. Miaka ishirini juu ya viatu hivi, kasema, mishipa ya hapo imefupika. Ndiyo maana nikikanyaga chini inavuta, nikipanda juu inalegea. Uzito wote unaangukia vidole, vinabanwa, vinakufa ganzi. Kiuno nacho kinajipinda ili nisianguke mbele. Hata maumivu ya mgongo, niliyodhani ni uzee, yanatoka hapo.

Kumbe dawa yangu ndiyo ugonjwa wenyewe. Kaniambia viatu nisiviache ghafla, nishuke taratibu, kisigino kifupi kwanza. Na kila siku nisimame kwenye ukingo wa ngazi, nishushe visigino polepole.

Nimecheka peke yangu ndani ya treni. Mjinga mimi. Lakini mjinga mwenye miguu miwili.

Jumamosi, 22 Februari
Nimemwambia Zawadi. Kanuna kwa kufichwa, kisha kanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakohoa. Ngazini mashavu ya miguu yanawaka moto.

Nimemwomba bosi ruhusa ya viatu vya chini. Kashangaa. Hakuna aliyewahi kunidai mchuchumio, kasema. Miaka yote hiyo sharti nilijiwekea mwenyewe! Nimechukia, halafu nikaona bora nicheke.

Jumapili, 27 Aprili
Nimepika pilau pekupeku. Visigino vyote viwili chini. Haviumi. Vidole nimevichezesha kimoja kimoja, vyote vinaitika. Jioni, na bado kweupe dirishani.

Zawadi kaja kuchukua sahani kabatini, kasimama ubavuni mwangu. Nikageuka nimwambie kitu, nikajikuta naangalia kidevu chake. Mwanangu kanipita urefu. Sijui tangu lini. Nikamwambia asiondoke kwanza, asimame hapo hapo kidogo. Akasimama.