Ndama Asiyekua

Baba yangu,

Assalaam alaykum, wewe na wote waliokaa karibu na kitanda chako wakati barua hii inasomwa. Nianze na mguu. Nikikuuliza kwa simu unanijibu "upo", kana kwamba nilidhani umepotea. Leo nijibu kama mgonjwa: unakunjika? Unafika msikitini bila kushikwa? Na dawa ya presha unakunywa, au bado unaficha vidonge chini ya mkeka?

Wifi Asha, msomaji ni wewe. Mdogo wangu Godana asiishike karatasi hii, ataruka mistari. Soma yote, hata pale utakapotamani kunyamaza.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku Uarabuni linatoka ukutani, lakini ndani ya nyumba kuna ubaridi wa mashine, hata nalala na soksi. Miguu inavimba jioni kwa kusimama. Bibi ninayemtunza hana neno baya, ila kumbukumbu zimemtoka. Ananiita kwa jina la binti yake aliyefariki, nami naitika "labeka". Mwanzoni ilinitia hofu kuitika jina la maiti. Sasa naitika bila kufikiri, na labda hapo ndipo nilipozoea uongo wa huruma. Nakueleza hili kwa sababu nina la kukiri.

Unajua picha za ng'ombe ulizokuwa ukitazama dukani kwa Godana zilianzaje. Wajukuu wa nyumba hii wana kompyuta ghorofani, na chini sebuleni wana mashine ya gemu iliyounganishwa na televisheni. Siku moja nikaona sinema inacheza sebuleni na hakuna aliyeweka kitu. Kumbe sinema iko kwenye kompyuta juu, mashine ya gemu inaivuta kwa waifai, bila waya. Nikawafikiria ninyi hapo hapo. Godana ana chumba chake cha gemu pale Garsen, kompyuta iko chumba cha nyuma, mashine ziko mbele. Na wewe ulikuwa kitandani mwezi wa tatu hujaona mkia wa ng'ombe.

Godana alikuwa amehangaika na flashi yenye picha alizowapiga ng'ombe wako, mashine inaikataa. Nikawaomba wale vijana wa hapa wanionyeshe, nikawa namsomea Godana kwa simu hatua moja moja: fungua folda, ruhusu igawiwe, hakikisha kompyuta na mashine ziko kwenye waifai moja, usiache kompyuta ilale. Ilimchukua siku tatu, na mbili kati ya hizo alikuwa akibishana na mimi. Siku ya tatu malisho yetu ya Chewele yakatokea kwenye televisheni pale Garsen, na nikasikia kwenye simu ukisema jina la ng'ombe wako Dima. Baba, siku hiyo nililia kwa furaha mpaka Bibi akanipa leso.

Wifi alinisimulia Ijumaa zako. Baada ya swala unakongojea mpaka dukani, vijana wako katikati ya mpira wao. "Mzee wetu, tumalizie half, dakika mbili tu." Unakaa, fimbo magotini, unawangoja kwa adabu kuliko wao walivyostahili. Halafu wanakupisha. Na ile siku waifai iliposhikwa na uvivu, picha ikaganda, kile kiduara kikawa kinazunguka, wewe ukainuka nusu ukauliza kwa Kiswahili chako cha malishoni, "Kuna nini mbele? Mbona nasimama?" Ukadhani ng'ombe wamenusa simba. Ukapiga mluzi, na picha ikaenda! Wifi anasema tangu hapo hata mpira ukiganda wanakuomba upige mluzi.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mvua ilipokataa, Godana alianza kunitumia picha ambazo sikuweza kuzitazama hadi mwisho. Ng'ombe walikuwa wanalala na hawainuki. Wakati huo ndipo daktari alipotuambia presha yako haitaki kushtuliwa. Nikamwambia Godana asikuonyeshe. Nilikuwa na ile filamu ndefu niliyoipiga mwenyewe kabla ya kusafiri, nyasi zikiwa magotini, siku uliyompa mwanangu Amina ndama wake. Nikaikata vipande kwa simu yangu, nikabadili mpangilio, kila wiki kipande kingine kikitangulia, nikamtumia aweke kwenye folda. Godana alikataa. Baba, hilo lishike: alikataa mara mbili. Mimi ndiye mkubwa wake, na mimi ndiye niliyemlazimisha.

Shule ilitufundisha mengi, lakini ilitufanya tuwaone ng'ombe kama watu wa mjini wanavyowaona, kundi tu, mgongo na pembe. Tulidhani ukibadilisha nani anatangulia kunywa maji, basi ni siku nyingine. Tulisahau tunamwonyesha nani. Mtu unayemtambua ng'ombe kwa kikohozi, nikakuletea wale wale wakipepesa masikio yale yale miezi minane!

Wiki mbili zilizopita ukanitumia sauti yako. Nilikuwa jikoni nachuja supu ya Bibi. Ukasema, "Halima. Ile ndama ya Amina bado nanyonya. Tangu mwaka jana nanyonya, hapana kua. Mama yake atachoka." Ukacheka kidogo, ukakata. Nilikaa chini kwenye vigae, supu ikapoa.

Nikampigia Godana. Akaniambia hujamgombeza hata siku moja. Kila Ijumaa unakuja, unatazama hadi mwisho, unasema asante, unarudi nyumbani. Lakini sasa mvua zimeanza na umemtuma akutafutie gari la kukupeleka Chewele ukawaone kwa macho yako. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana barua nimempa mwenzangu anayerudi kwao Hola, aishushe Garsen kabla hujapanda gari hilo. Ukweli huu usiupate mdomoni mwa mchungaji wa ng'ombe wa watu wengine, wala usiukute umelala kichakani. Uupate kwangu.

Baba, usiende Chewele. Huko hakuna mtu wetu wala mnyama wetu. Ndama wa Amina alitangulia, kabla ya mama yake, na wengine wakamfuata, siku baada ya siku. Godana alikaa nao mpaka alipoona wanaoweza kutembea ni wachache, akawashusha pole pole hadi mtoni, kijiji cha Wema, akabisha kwa Mama Habona. Ndiyo, mke wa yule mkulima Mpokomo uliyegombana naye kwa sababu ya mpunga wake ulioliwa na ng'ombe wako. Godana alisimama nje ya shamba akiwa na aibu, hajui aanzie wapi. Mama Habona akamwangalia, akawaangalia wanyama, akachukua panga. Alikata vigogo vya migomba yake akavichanja vipande vipande, asubuhi na jioni, kwa wiki nyingi, akiwalisha kwa mkono wale waliokuwa hawawezi kuinamisha shingo. Anakusalimu. Anasema, "Mwambieni mzee, ule mpunga sijausahau, lakini ng'ombe hawana kosa." Hilo utajibizana naye mwenyewe.

Ulitulea tukijua kwamba ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, hutajwa. Basi nawataja waliobaki.

Dima yupo.

Yule wa pembe iliyovunjika yupo.

Na yule mweupe mkaidi, ambaye kila mwaka unasema utamuuza, naye yupo.

Wifi, usitafute karatasi nyingine. Ni hao.

Nisamehe, baba. Nilisema ni kwa ajili ya presha, na ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa kwamba ukijua wamekwisha utajiona nawe umekwisha, na mimi niko mbali siwezi kukushika mkono. Nilitaka nirudi nikukute umekaa vile nilivyokuacha, na kundi lako mbele yako. Nakupenda kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu yenye watu wengine wanaosikiliza.

Nenda Wema. Godana atakupeleka, ni karibu, na mguu utapumzika njiani. Simama kati yao. Kisha Godana akupige filamu wewe, uso wako, jinsi ulivyo siku hiyo, anitumie. Vijana wa hapa wameahidi kunifungulia ile televisheni kubwa mchana Bibi akilala, nikutazame. Ukiwa umekonda, niuone wembamba wako. Ukiwa unalia, usimwambie azime.

Mama mpe salamu, na umwambie ile kanga nimeipata, rangi aliyotaka. Godana msalimu, na leo usimgombeze, gomba na mimi. Wifi Asha, Mungu akulipe kwa macho yako na sauti yako. Mama Habona mbusu mikono kwa niaba yangu, kama wewe, baba, utaona haya basi umtume Amina. Na Amina mwenyewe, baba, habari ya ndama wake usimwachie mtu mwingine. Mkalishe karibu nawe umwambie.

Nangoja radhi yako. Kama kuna ukali utakaotangulia, naungoja pia. Nipigie unikemee kwa sauti yako, hata saa nzima. Ila asante yako ya kila Ijumaa, ukijua na ukinyamaza ili mimi nisiumie, hiyo, baba, nimeshindwa kuibeba.

Mwanao,
Halima