Kiwiko cha Leobardo

Mtaa wa Kanisani,
Real del Monte, Hidalgo.
9 Februari 2014.

Mpendwa mdogo wangu Nicanor,

Hujambo huko Chicago? Mgongo unaendeleaje? Ile sweta niliyokufumia uivae, usiifiche sandukuni kama nguo ya kuzikiwa. Na mkeo Obdulia, kifua kimepona? Sisi huku wazima, ila ukungu umetushika wiki nzima na nguo hazikauki.

Barua yako nimeirudia kuisoma, maana mara ya kwanza hasira zilinipofusha. Unasema nimlete mwanangu Leobardo aje kuezeka mapaa nawe, kwa kuwa mpira umemshinda. Nikujibu kabla sijapoa: haji, ng'o!

Unasema amechezea bahati. Kweli, mwenye timu alimwita akampa kiti cha kocha mkuu, naye akakikataa, akaondoka pamoja na kocha Evaristo aliyefukuzwa, ambaye yeye alikuwa msaidizi wake. Unadhani mimi sikumfokea? Nilimwambia, "Wewe mtoto, kiti unapewa unakikimbia, kina miiba?" Akanijibu, "Mama, mazoezi tulipanga wote wawili, tukafungwa wote wawili. Sasa yeye atimuliwe, mimi nipandishwe cheo?" Nikamwongezea maharage.

Wewe uliondoka akiwa bado beki, hujui alikopita. Goti lilipovunjika alirudi hapa anachechemea, nami nikajua basi, mpira umemwishia. Kumbe! Akaanza kuwapangia koni za mazoezi watoto wa parokia, bila malipo, mvua inamnyea. Akasomea ukocha huku ananisaidia kuuza sambusa kibandani. Timu ya vijana ikamchukua, kazi yake kubeba mipira na kuwatuliza waliowekwa akiba wasilie. Huko ndiko kocha Evaristo alikomwona. Alimpendea nini? Leobardo hubishana naye mlango ukiwa umefungwa, mpaka mishipa inamtoka. Wakishatoka nje, anasimama upande wake. Kazi ya msaidizi ndiyo hiyo, Nicanor. Si kazi ya mtu aliyeshindwa.

Hapa mtaani wanamwita Kiwiko. Kwenye televisheni kamera yote kwa kocha mkuu, mwanangu anaonekana kiwiko tu. Juzi kwenye foleni ya chapati za mahindi jirani Tiburcia akapaza sauti, "Mama Kiwiko! Huyo mwanao tutamwona mzima lini?" Nikamwambia, "Wangu angalau kiwiko kipo kazini. Wa kwako, bibi wee, mwili mzima uko kitandani." Foleni nzima ikaangua kicheko, hata muuzaji akaacha kupima.

Sasa sikia. Jumanne tuko mezani, simu ikalia. Kocha Evaristo! Amepata timu kaskazini, kule jangwani, daraja la pili, na mtu wa kwanza kumpigia ni mwanangu. Leobardo hata mshahara hakuuliza. Aliuliza, "Mabeki wako wakoje?" Wakaongea mpaka mchuzi ukaganda sahanini.

Cheka basi, daraja la pili. Cheka umalize. Mimi nisiyecheka ndiye nisiyelala. Joto la kule linaua, goti lake nalijua, na yai hajui kukaanga. Nimemfungia pilipili kavu, nimemshonea medali ya Bikira ndani ya koti. Ninaogopa, sikufichi. Lakini woga wangu haumpandishi mtu juu ya mapaa yako. Na usimwandikie tena kumbembeleza. Ukiwa na neno, niandikie mimi, tutajibizana.

Nisalimie Obdulia, na wanao Amparo na Wenceslao. Shangazi Petronila anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Bikira Maria awafunike kwa joho lake, na wewe hasa ukiwa juu ya ngazi.

Jumamosi ya mwanzo wa Machi mechi yao ya kwanza itaonyeshwa kwenye televisheni. Waite majirani wako, wape vinywaji. Kocha mwacheni. Tazameni pembeni yake, upande wa kushoto. Kile kiwiko kitakachokuwa kinapepea hewani ni chetu.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Eduviges