Kapu la Mama Yako Halipitishi Maombi

Molyko, Buea
Tarehe 22 Machi, 2025

Mpendwa Ambe,

U hali gani, mwanangu? Joto la Ngaoundere linakuachia usingizi? Natumaini lile jino limeacha kukusumbua. Huku tu wazima. Mvua imeanza kuchungulia, mlima hauonekani, na mume wangu Tabe anakohoa kama kawaida yake na anakataa dawa kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu huwa unaujibu kabla hujausoma.

Kapu limefika. Mama yako alilipeleka stendi mwenyewe, magimbi, mawese na samaki wa kukausha, kisha akanipigia simu. "Wifi, mtoto ni wako huyo. Si wewe ndiye mlezi wa wanafunzi kwenye huo mradi? Mpitishe tu bwana, watajuaje?" Samaki nimemla, alikuwa mtamu kweli. Maombi yako ya kujiunga na mradi yako palepale.

Eti watajuaje! Ambe, ile ni programu huria. Kila tunachoandika kinasomwa na yeyote anayetaka, popote alipo. Na wewe mwenyewe, pale kwenye baraza letu la mtandaoni, mbele ya watu wa nchi ambazo hujawahi hata kuzisikia, uliandika: "Shangazi, naomba unishikie nafasi." Kwabena, mlezi mwenzangu wa Accra, akaniuliza kama kwetu nafasi hushikwa kwa kuweka mkoba kwenye kiti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimewaambia wenzangu kuwa wewe ni damu yangu, kwa hiyo watakusoma wao. Mimi sina kura tena.

Kila mwaka dirisha la maombi likifunguliwa mnamiminika kama kumbikumbi kwenye taa. Mmoja anahamisha nukta kwenye maelezo, anadai amechangia. Mwingine anaomba apewe kazi, akipewa anaikalia mpaka inaota ukungu. Juzi kijana ametuma andiko la mradi mwingine kabisa, akatupongeza kwa jitihada zetu za kupima mvua. Sisi tunatunza kumbukumbu za chanjo za watoto! Hao ndio wataalamu wa kesho, wameshajiita hivyo wenyewe.

Nawe ukaleta kurasa tele ulizoandikiwa na mashine. Nimejuaje? Tangu nikufahamu hujawahi kusema "kwa kina na kwa ufanisi", hata ulipokuwa unamlilia baba yako akununulie kompyuta. Unaahidi kuijenga upya programu nzima, kuipaka rangi mpya, kuitia akili bandia. Hujaiwasha hata mara moja. Nimetafuta swali lako moja la maana pale barazani, nikaambulia lile ombi la kushikiwa nafasi.

Kuna binti wa Bobo-Dioulasso, Salimata, alijaribu kuisimika kwenye kompyuta yake kuukuu, ikagoma. Akaeleza barazani ilipogomea, akauliza, akajibiwa, akarekebisha mstari mmoja. Mstari mmoja tu, Ambe, na leo walezi wote wanamjua kwa jina. Wewe wanakujua kama yule mtoto wa kaka yangu.

Lakini hicho sicho kilichonikera zaidi. Orodha ya hitilafu iko wazi kwa kila mtu, na ya juu kabisa, ambayo tunaomba usiku na mchana apatikane wa kuishughulikia, ni hii: muuguzi akiandikisha watoto wawili wa mama mmoja waliozaliwa siku moja, programu inadhani ni mtoto yuleyule. Inamfuta wa kwanza, inambakiza wa pili. Kwenye zahanati moja upande wa Wum, pacha aliyefutwa hakuitwa kuchanjwa surua. Aliugua. Amepona, ila jicho moja halioni.

Na wewe, mtoto wa Manyi, yaani mama wa mapacha, ambaye mama yako hakuna anayemwita kwa jina lake tangu awazae ninyi wawili kwa mpigo, ulipita juu ya hitilafu hiyo ukaja kutuahidi vitufe vya bluu. Nilisoma, nikaweka simu chini. Nilikudharau, Ambe, na sijazoea kukudharau.

Maombi yanafungwa tarehe nane Aprili. Baba yako ameniambia asipoona faida ya hiyo kompyuta mwaka huu ataiuza, na ukirudi utauza saruji dukani kwake. Anamaanisha. Basi tupa lile andiko. Isimike programu. Itagoma. Uliza barazani kama wenzako, na usithubutu kuniita shangazi pale.

Nisalimie mwenye nyumba wako, Hadja Asta, mwambie kitambaa chake nimekipata. Tabe anakusalimu. Dada yako Lum ukimpigia, mwambie gauni lake la mahafali liko tayari. Mungu akulinde, akupe na subira ya kusoma kitu hadi mwisho.

Na programu ikishawaka, fanya hivi kabla hujaandika neno lolote la maombi. Mwandikishe Lum kwanza, maana ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Weka jina la mama yenu, weka tarehe yenu. Kisha jiandikishe wewe. Halafu mtafute dada yako.

Akupendaye, kwa sasa kwa shida,
Shangazi yako Swiri