Moja Niliyoigeuza Kuwa Nne

Magomeni, Kilosa,
Jumanne, 11 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Gaudiosa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Habari za huko Moshi, na joto la mwezi huu mnaliweza? Ule mgongo wako bado unakusumbua ukiinama kufua, au dawa ya yule mama wa kwaya ilisaidia? Shemeji Petro naye hajambo? Nauliza kwa moyo, si kwa kujaza karatasi. Sisi huku mwili uko salama, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri, shamba la Chanzuru tumeshapanda mahindi, na mto mpaka leo uko mahali pake.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili uliposema "haloo mdogo wangu" niliishia kukuuliza bei ya ndizi. Haya yananitaka nikae chini niyapange. Barua anakuletea Joyce, binti wa mwenyekiti wetu wa jumuiya, anarudi chuoni huko.

Dada, nimeshtuka. Nina miaka hamsini na moja, nimezika wazazi pamoja na wewe, nimeona maji yakiondoka na nyumba ya jirani, lakini mshtuko wa wiki hizi tatu ni wa namna nyingine, kwa sababu nusu yake nimejitengenezea kwa mkono wangu mwenyewe.

Ili unielewe, lazima kwanza nikueleze mchezo wa shemeji yako Cosmas. Tangu astaafu kwenye genge la matengenezo ya reli, kila Jumapili baada ya misa anakaa na wenzake kwenye meza ya kukatia nguo ya fundi Bonifas, pale nyuma ya stesheni, wanacheza mpira wa dadu. Ni boksi aliloachiwa na mhandisi mmoja mgeni waliyefanya naye kazi zamani: uwanja wa karatasi ngumu, dadu mbili, na kadi za wachezaji wa Ulaya ambao wengi wao sasa ni mababu. Pesa hakuna humo. Nilihakikisha mapema, maana nilipoona dadu niliwaza kamari. Unarusha dadu, unasoma namba ya mchezaji kwenye kadi yake, unajua kama amepita au amenyang'anywa mpira. Basi.

Wakachoka na wale mababu. Wakataka ligi yetu, timu zote kumi na sita. Kadi za ligi yetu hakuna anayeuza, ikabidi mtu azitengeneze, na wote wakasema awe Cosmas. Anazikata kwenye makatoni ya sabuni. Kila mchezaji anapewa namba tatu, ya kuzuia, ya kushambulia na ya mbio, kuanzia moja hadi sita. Utadhani ni kazi ya mchana mmoja, lakini yeye msimu mzima anasikiliza redio daftari likiwa mapajani, na mechi za televisheni anaenda kuzitazama kwa Bonifas. Hamtazami mwenye mpira, anamtazama asiye na mpira. Anasema ndivyo walivyokuwa wakikagua njia: treni ikishapita ndipo unaangalia reli. Mwezi wa pili, usajili wa dirisha dogo ukishakwisha, anaandika kadi zote upya kwa wino na kuzifungia kwenye kopo la maziwa, na hakuna anayeziona mpaka siku ya kufungua kopo mezani.

Wanamwamini, dada. Yeye ni Simba tangu utoto na Bonifas ni Yanga wa kuzaliwa, lakini Bonifas huyo huyo husema, "Mnyama kamharibu huyu mzee kila mahali, kalamu tu ndiyo imepona."

Na mwanao Goodhope, kama unavyojua, ni beki wa kushoto kwenye ligi hiyo, mwaka wa tatu huu. Kwa hiyo baba anampima mtoto wake.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano mwezi wa pili nilikuwa nafuta vumbi kabatini. Kopo lilikuwa wazi, kadi zimetandazwa zikauke wino. Mimi mpira siujui, lakini kadi ya mwanangu huwa naitafuta kama mtu anavyotafuta jina lake kwenye tangazo la kanisani. Mwaka jana mbio zake zilikuwa tano. Safari hii zilikuwa moja. Nikageuza kadi za timu yake yote, sikuona mwenye moja ila golikipa wa akiba. Nilihisi kama mtu amemtukana mwanangu ndani ya nyumba yangu, na mtu huyo ni baba yake.

Sikuuliza, dada. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Moja ya Cosmas ni kijiti kitupu, hakina kichwa wala mguu. Nikachukua kalamu ya bluu ninayoandikia mahudhurio ya akina mama wa WAWATA, nikaongeza vijistari viwili, ikawa nne. Nikaupuliza wino, nikairudisha kadi mahali pake, nikaenda kuinjika maharage huku naimba pambio.

Kesho yake baada ya misa nilipitia kwa Bonifas kupeleka kitenge cha sare. Wanaume saba wamezunguka meza, kopo limefunguliwa, kadi zinasomwa moja moja. Walipofika kwa Goodhope, Bonifas akasoma, akamtazama Cosmas juu ya miwani.

"Mbio nne?"

"Nne ya nani?" akasema mwingine. "Yule kijana tangu Desemba anakimbia kama kabeba ndoo ya maji kichwani."

"Mwacheni, mzee naye ana damu," Bonifas akasema. "Ila mzee wangu, ungetuambia tu kwamba mwaka huu kuna kadi za ukoo, na mimi ningemleta mjomba wangu."

Wakacheka. Cosmas akaichukua ile kadi, akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma mara mbili. Kisha akainua macho akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na kitenge mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunitaja. Akalifunga kopo, akalisukuma mbele ya Bonifas.

"Kosa la kadi ni la mwenye kopo," akasema. "Tafuteni mtu mwingine wa kupima."

Akavaa kofia yake akaondoka. Miaka kumi na moja ameifanya kazi ile bila mtu kumwambia amependelea. Vicheko vilikatika, nikaondoka na kitenge changu bila kupimwa.

Nyumbani nilimkuta anasafisha jembe ambalo lilikuwa safi tayari. Nikamwambia, "Baba Goodhope, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nne yangu huwa wazi juu. Ya kwako umeifunga."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Nikamuuliza, kwa nini moja, mtoto amemkosea nini. Akaliweka jembe chini.

"Krismasi, kanisani, wakati wa mageuzo. Ulimwona anafanya nini?"

Dada, nililiona vizuri sana jambo hilo. Kanisa zima lilipiga magoti, mwanangu akabaki amekaa, kichwa kimeinama, mkono umekamata benchi la mbele. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Tulipotoka nilimsema njia nzima, nikamwambia mpira umemfanya amsahau Mungu aliyempa hiyo miguu. Alisema tu, "Nimechoka, mama."

Nikamjibu Cosmas, "Niliona mtoto asiyemwogopa Mungu."

"Mimi niliona goti," akasema.

Nilikaa pale pale sakafuni. Nimemzaa, nimemwogesha, nimemfunga vidonda vya magoti hayo hayo, na goti lake bovu nikalisoma kuwa kiburi. Baba yake, mtu wa nyundo na darasa la saba, akalisoma sawasawa na kuliandika. Akaniambia hakuwa na uhakika, mtoto mwenyewe kila akimpigia simu anasema yuko fiti, na hakutaka kunitia hofu kwa jambo alilolihisi tu. Kadi ndiyo ilikuwa mahali pekee pa kuandika anachokiona. Nami nikapafuta. Tangu siku ile nikifika mahali pa kupiga magoti kanisani, mwili unanisisimka. Nimeshaungama kwa padre, lakini sijazoea.

Jumapili iliyofuata nilienda mezani kwa Bonifas kwa miguu yangu nikawaambia wote kwamba nne ile ni ya kwangu. Sijawahi kusema mbele ya wanaume kwa sauti ndogo namna ile. Bonifas akasema, "Mama Goodhope, umeingia uwanjani bila jezi na ukafunga goli." Wakacheka, lakini cheko la safari hii lilikuwa la huruma. Kopo likarudi kwa mwenyewe. Cosmas akakata kadi mpya, akaandika moja.

Sasa sikiliza la Alhamisi iliyopita. Timu ya Goodhope ilikuwa inarudi kutoka Mbeya, na basi lao husimama Mikumi ili wachezaji wapate chakula. Tukapanda gari la asubuhi, Cosmas na mimi, bila kumwambia kwamba tunakuja. Basi lilipofika nilimwona akishuka. Ngazi ya kwanza unatangulia mguu wa kushoto, ya pili mguu wa kushoto, ya tatu mguu wa kushoto. Ningekuwa peke yangu nisingegundua lolote, ningeona tu mwanangu amependeza na suti ya timu.

Alifurahi, akatuamkia, akataka kutuagizia chipsi kuku. Baba yake akamshika mkono akampeleka nyuma ya hoteli, kwenye tangi la maji. Mimi nikafuata.

"Chuchumaa," akamwambia.

"Baba, watu wanaona."

"Hapa yupo mama yako tu. Chuchumaa nikuone."

Akajaribu, dada. Alifika nusu, jasho likamtoka, akashika ukuta. Cosmas akampandisha suruali mwenyewe. Goti la kushoto limezungushwa bandeji, na chini ya bandeji limevimba kama embe bolibo. Tangu Novemba analifunga mwenyewe chooni kabla ya mazoezi. Daktari wa timu hajui, kocha hajui, ana soksi ndefu na vidonge vya kununua dukani.

"Mkataba unaisha Juni, mama," akaniambia. "Wakijua, hawaniongezei. Niacheni nimalizie mechi zilizobaki."

"Zimebaki ngapi?" Cosmas akauliza.

"Tisa."

"Hilo goti halina tisa."

Kisha Goodhope akauliza, kama mtu anayetaka kubadilisha maneno, "Mwaka huu umeniandika ngapi mbio?"

Nilitaka kuingilia, lakini Cosmas alishajibu. "Moja."

Nikangoja akasirike. Alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka, mwanaume wa miaka ishirini na minne na suti ya timu yake. Akasema, "Watu wote nchi nzima wananitazama kwenye televisheni, wewe peke yako ndiye umeona."

Dereva alishaanza kupiga honi. Tulimsihi aende hospitali, akakataa. Baba yake akasema atampigia kocha, naye Goodhope akasema baba akifanya hivyo, yeye hatarudi nyumbani tena. Ila alipofika mlangoni mwa basi aligeuka akasema neno moja ambalo ndilo lililonifanya niandike karatasi zote hizi. Alisema, "Mama mkubwa akiniambia niende, nitaenda. Kwake siwezi kubisha."

Ulimlea miaka mitatu huko Moshi, dada, na ulichomwekea ndani yake bado kipo, hata mimi niliyemzaa sina nguvu hiyo kwake. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, umpigie simu umwambie aende. Usimbembeleze. Mwambie kwa sauti ile uliyokuwa ukimwambia alale. La pili, umpokee nyumbani kwako. Kuanzia tarehe ishirini ligi inasimama kupisha timu ya taifa, wamepewa siku nane. Hospitali kubwa iko hapo jirani nanyi, na shemeji Petro hakosi kujua siku za kliniki ya mifupa. Huku akikaa ataonekana na kila mtu, na ataondoka kabla hajapona.

Sijui kama atacheza tena. Hilo ni zito kwetu, maana sisi tulishazoea kusikia jina lake redioni, na yeye hajui kazi nyingine. Lakini kila nikisali sasa naomba mguu kwanza, awe mtu wa kutembea na kupanda ngazi hata akiwa na miaka sitini. Mengine Mungu atapanga.

Cosmas anakusalimu sana, anasema mahindi yakikomaa atakutumia gunia kwa treni hadi Dar na kutoka hapo atajua. Nisalimie shemeji Petro, Lea na watoto wake, na Mama Magreti wa jirani yenu kama bado ananikumbuka. Mungu aliyekupa moyo wa kulea hata wasio wa tumbo lako akuongezee afya ndani ya moyo huo, akulinde wewe na mlango wako katika Kwaresima hii na baada yake.

Nijibu mapema, dada, kabla ya tarehe ishirini. Hata ujumbe mfupi wa simu utatosha, useme aje au asije.

Mdogo wako akupendaye na anayekutegemea,
Marselina